Barabara Inapanuliwa Kwenu na Wewe Uko Nairobi: Jinsi ya Kufikisha Malalamiko ya Kijiji

Barua ya kwanza niliyoandika kuhusu barabara ya kwetu ilikuwa ya kurasa nne. Nilieleza humo uchungu wa mama, hofu ya majirani, mto, shule na kaburi la babu. Niliipeleka kwa mkono wangu, ikapokelewa kwa adabu, ikalala huko. Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, na kila lalamiko lilitanguliwa na namba ya kilomita. Hiyo ndiyo iliyomleta mhandisi hadi bomani kwetu na mchoro mkononi, akauliza: "Ng'ombe wenyewe huvukia wapi?"

Naendesha saiba hapa Kangemi, hatua chache kutoka Waiyaki Way. Kutwa nachapa, naskani, najaza fomu za watu. Tangu mambo ya kwetu yajulikane, haupiti mwezi bila mtu kuketi kwenye kiti cha plastiki mbele yangu na kusema, "Dada, barabara ya kwetu inapanuliwa, wameweka X kwenye nyumba ya mzee, nifanye nini?" Wengi wako kama nilivyokuwa mimi: shamba liko mbali, wazazi wako kule, ofisi ziko huku. Ndiyo maana nimeyaandika haya. Jina la barabara yetu nimeliacha kwa kuwa madai ya majirani wawili bado hayajaisha.

Niseme mapema kwamba kwetu hakuna aliyeikataa barabara. Mama alishawahi kukaa saa nne kwenye foleni nyuma ya lori lililopinduka, akiwa na mgonjwa garini. Tuliitaka. Ila tulitaka ijengwe na watu wanaojua kwamba pande zote mbili kuna wenyeji.

Kwanza jua barabara ni ya nani na mradi umefika wapi

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliunda mamlaka tatu. KeNHA inasimamia barabara kuu, zile za daraja S, A na B. KeRRA ni ya barabara za vijijini, na KURA ni ya mijini. Usidanganyike na neno "kijijini". Barabara kuu ikipita katikati ya mahindi yenu bado ni ya KeNHA, na barua ukiipeleka KeRRA utazungushwa wiki mbili bure.

La pili ni hatua. Mradi huanza kwa uchunguzi, ukaja usanifu wa michoro, tathmini ya athari za mazingira na jamii, utwaaji wa ardhi, kisha ujenzi. Michoro ikiwa bado inachorwa, kivuko kinaweza kusogezwa kwa mazungumzo tu. Kandarasi ikishatiwa saini, kila kalvati, ile njia ya maji chini ya barabara, ina bei yake kwenye orodha ya kazi, na ukiomba kuongezewa moja unaomba pesa ambazo hazikutengwa. Watu wengi huamka wakiona tingatinga. Wakati huo bado unaweza kupata kitu, lakini utakitafuta kwa jasho.

Ukiwa Nairobi una nafasi ambayo mama yako hana. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa. Linauzwa kwa Mpiga Chapa wa Serikali pale Haile Selassie Avenue, na kwenye tovuti ya Kenya Law unalisoma bila malipo. Notisi ya nia ya kutwaa ardhi huchapishwa humo. Usiishie kwenye kichwa cha notisi. Shuka hadi kwenye jedwali, kwa sababu humo ndimo zilimo namba za vipande vya ardhi, majina ya wenyewe na ukubwa unaotwaliwa kwa hekta. Tafuta kwa jina la lokesheni, na pia kwa namba ya kipande, kwa sababu majina ya watu huandikwa kwa makosa. Matangazo mengine ya serikali hutoka kwenye MyGov, gazeti la serikali la kila wiki, siku ya Jumanne.

Kama huoni chochote, omba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Huhitaji kueleza unazitakia nini. Andika hivi: "Naomba nakala ya michoro ya usanifu kati ya kituo hiki na kile, ripoti ya tathmini ya mazingira, na kumbukumbu za mikutano ya hadhara." Siku 21 zikipita kimya, peleka nakala ya barua yako kwa Ombudsman, anayepokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, maana sheria hiyo iko chini ya ofisi yake. Nimechapa barua nyingi za namna hii. Zinazojibiwa ni zile zinazotaja nyaraka kwa majina yake. Zinazosema "tunataka kujua ukweli kuhusu barabara" huwa hazirudi na kitu.

Pima mwenyewe, na ujifunze kusema kwa kilomita

Hili ndilo lililobadilisha mambo yetu yote.

Wahandisi hawasemi "pale kwa Mama Wanjala, ukipita kanisa". Kwenye michoro yao barabara ni mstari wenye namba tangu mwanzo wa mradi hadi mwisho. Ukiona 23+400, hiyo ni kilomita 23 na mita 400 kutoka mahali mradi unapoanzia. Kisha kuna upande, kushoto au kulia, ukiwa umeelekeza uso mwisho wa mradi. Lalamiko lisilo na namba hiyo mhandisi hana pa kuliweka kwenye karatasi yake, hata akiwa mtu mwema.

Namba utaipata wapi? Vigingi vya wapima ardhi mara nyingi vimeandikwa kwa rangi. Vipige picha vyote kabla watoto hawajaving'oa. Sisi tulipata viwili tu. Sehemu nyingine tulizijua kwa ramani ya simu: unapima umbali kutoka kigingi kinachojulikana ukifuata barabara yenyewe, kona kwa kona. Ukikosea mita 20 hakuna shida, bora uambatanishe picha na eneo kamili la simu.

Jumamosi moja niliamkia stendi alfajiri, nimebeba tepu ya mita 50 niliyoazima kwa fundi, na mpira wa kamba ya katani. Tulikuwa tumeambiwa eneo jipya la barabara ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka mstari wa katikati. Kusimama katikati ya malori hatukuthubutu. Lami ilikuwa na upana wa mita 7, nusu yake ni 3.5, basi tukapima mita 26.5 kutoka ukingo wa lami. Kijana wa jirani alivuta tepu, mimi nikagongomea vijiti, mama akafuata nyuma akifunga kamba. Kibanda chake cha maziwa na mboga kiliingia ndani ya kamba chote. Jiko liliguswa kona, kama mita moja na kitu. Miti 11 ya avokado ilikuwa ndani. Tulipofika kwa babu tulipima mara tatu. Kaburi lilikuwa nje kwa mita 4 na sentimita 10. Mama aliketi kwenye mzizi wa avokado, akavua leso ya kichwani, akashukuru Mungu kwa sauti.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo alikuwa halali, akidhani watamfukua. Kamba ya shilingi mia mbili ilimrudishia usingizi. Ndiyo maana nawaambia wote wanaokuja saiba: kabla ya wakili, kabla ya barua, pima.

Kuhusu ile X nyekundu, hiyo si amri ya mahakama. Inaonyesha tu kwamba kuna mtu amelihesabu jengo hilo kuwa ndani ya eneo la barabara. Swali la kuuliza papo hapo ni hili: liko ndani ya eneo la zamani la barabara, au ndani ya ardhi mpya inayotwaliwa? Majibu hayo mawili yako mbali sana. Ardhi ya barabara ya tangu zamani ni ya umma, na aliyejenga humo ana kazi ngumu ya kudai. Ardhi mpya inayotoka kwenye hati yako hulipiwa fidia. Ili ujue, tafuta ramani ya eneo lenu. Shuka stegi ya Survey pale Thika Road, ofisi za upimaji ziko hapo, uende na namba ya kipande. Jirani yetu mmoja alikuwa amekubali kubomoa kwa hiari akiamini ameingilia barabara. Ramani ilionyesha ukuta wake uko ndani ya shamba lake kwa mita sita.

Barazani

Kanuni za tathmini ya mazingira za mwaka 2003 zilitaka mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu ya hadhara na watu watakaoathirika, na itangazwe mapema kwa mabango na redio. Kwetu kulikuwa na mkutano mmoja niliousikia, chini ya mti, kwa chifu. Wazee walizungumza karibu saa tatu. Mama mmoja aliuliza watoto watavukaje leni nne kwenda shule. Mzee mwingine akauliza habari ya ng'ombe na mto. Miezi baadaye nilipopata ripoti, iliyoandikwa na kampuni ambayo sitaitaja, nilitafuta kurasa za baraza lile. Ilisema wananchi waliupokea mradi vyema na kuomba vijana waajiriwe. Basi. Swali la ng'ombe halikuwemo, la watoto halikuwemo. Orodha ya mahudhurio ilikuwemo, na saini ya mama yangu ndani yake.

Lile liliniuma kuliko X. Kwa hiyo sikiliza:

Mtu wenu mmoja aandike kumbukumbu zenu wenyewe. Awe kijana mwenye mwandiko unaosomeka, na asiwe yule anayetaka kuzungumza. Aandike jina la aliyeuliza, swali lenyewe na jibu lililotolewa. Mwisho wa baraza, kabla watu hawajatawanyika, zisomwe kwa sauti na watu waweke saini. Wiki hiyo hiyo zipelekwe ofisini na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkiweka saini kwenye orodha ya wageni, andikeni kando yake neno "nimehudhuria". Neno hilo moja linazuia saini ya kufika isije ikasomwa kama saini ya kukubali.

Angalieni pia siku. Baraza la saa nne asubuhi siku ya soko huwakosa akina mama wote wanaouza kando ya barabara, na hao ndio watakaopoteza riziki kwanza. Omba kwa chifu lisogezwe, na uombe kwa maandishi.

Halafu mpeni mwalimu mkuu kazi. Wa kwetu alihesabu watoto wanaovuka kila asubuhi kwa wiki moja, akaandika idadi ya kila siku kwenye karatasi yenye kichwa cha shule. Watembea kwa miguu ndio wanaokufa kwa wingi zaidi kwenye barabara za Kenya kuliko kundi jingine lolote, na kila mhandisi analijua hilo. Akiona hesabu ya shule, hawezi kuipuuza kama anavyoweza kuupuuza mkono ulioinuliwa barazani. Sisi wa Nairobi tuliliona jambo hili Thika Road. Ilifunguliwa rasmi Novemba 2012, leni nane, na watu wakawa wanakimbia katikati ya magari kwa sababu daraja la miguu lilikuwa mbali na mahali wanaposhukia. Mengine yalijengwa baadaye.

Barua yenyewe

Kila lalamiko lina sehemu nne: ni wapi, kuna nini pale sasa, mchoro unaonyesha nini, na mnaomba nini. Yetu ilisomeka hivi, nimebadilisha namba tu:

"Km 23+400, pande zote mbili. Njia ya mifugo kwenda mtoni, hutumiwa na maboma 17 asubuhi na jioni. Mchoro unaonyesha kalvati ya bomba la sentimita 90. Tunaomba kalvati ya boksi yenye kimo cha kupitisha ng'ombe na mchungaji wakati wa kiangazi."

"Km 23+950, upande wa kushoto. Geti la shule ya msingi. Hesabu ya mwalimu mkuu imeambatanishwa. Mchoro hauonyeshi kivuko. Tunaomba kivuko kilichoinuliwa, matuta kabla yake kila upande, na uzio wa kuwaongoza watoto hadi hapo."

"Km 24+150, upande wa kulia. Mashamba matatu yenye mteremko. Mchoro unaonyesha kalvati inayoishia kwenye mpaka wa shamba. Tunaomba mfereji wa mawe kutoka mdomo wa kalvati hadi mtoni."

Hilo la tatu wengi hulisahau, nami nawasihi msilisahau. Lami mpya, pana mara mbili, humwaga maji mara mbili, na kalvati huyakusanya yote na kuyatoa mahali pamoja kwa nguvu. Shamba lililokuwa likipata mvua yake tu linapata na mvua ya barabara. Yaliyotokea Mai Mahiu Aprili 2024, maji yalipokusanyika nyuma ya tuta la reli kwa kuwa njia yake chini ya tuta ilizibwa na takataka, kisha yakafunguka usiku juu ya watu waliolala, kila Mkenya anayakumbuka. Ukiona kwenye mchoro tuta refu na bomba jembamba, uliza maji ya masika yatapita wapi.

Barua moja, watu wengi. Saini ziwe na majina, namba za vitambulisho na namba za vipande vya ardhi. Nakala ziende kwa mamlaka ya barabara, NEMA (mamlaka ya mazingira), kamishna wa kaunti na mbunge. Yako ibaki na muhuri na tarehe. Mpokezi akisema hakuna muhuri, mwambie aandike jina lake, tarehe na saa kwa mkono. Usitoke bila hicho. Mwaka mzima baadaye mtu atakuambia "hatukuwahi kupata kitu kutoka kwenu", na karatasi hiyo ndiyo itakayojibu.

Fidia

Hapa ndipo watu huumia zaidi, na nitakaa kidogo.

Ardhi ikitwaliwa, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayosimamia. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, baada ya notisi ya nia kuchapishwa zinapita angalau siku 30, kisha hufanyika kikao cha kusikiliza madai, nacho hutangazwa angalau siku 15 kabla. Dai lako la maandishi linatakiwa liwe limefika siku ya kikao au kabla yake. Beba nakala ya hati miliki, kitambulisho, PIN ya KRA na namba ya akaunti ya benki. Mzee asiye na akaunti afunguliwe sasa.

Shida kubwa haiko kwenye kiasi. Iko kwenye jina. Hati yetu ilikuwa bado ina jina la babu, na babu amelala pale chini ya avokado tangu 1998. Pesa hazilipwi kwa marehemu. Zinawekwa kwenye akaunti maalumu mpaka wenye haki wajulikane, na huko zinaweza kukaa miaka huku tingatinga limeshapita. Njia ni mirathi: cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi wote, ombi mahakamani, tangazo la siku 30 kwenye Gazeti Rasmi, hati ya usimamizi, halafu miezi sita kabla ya kuithibitisha. Jumlisha uone. Ukisubiri notisi ndipo uanze, umechelewa. Kama kuna fununu tu ya barabara kupanuliwa na hati ina jina la aliyekufa, anza mirathi mwezi huu. Na mtaje kila mrithi, shangazi walioolewa pia, kwa sababu aliyeachwa nje atasimamisha kila kitu siku pesa zinatoka, tena kwa haki yake.

Kudai nini? Usidai "shamba na nyumba" ukaishia hapo. Kanuni za fidia za mwaka 2017 zinataja thamani ya soko, na pia hasara ya shamba kukatwa vipande, madhara kwa mali nyingine iliyobaki, gharama za kuhama, na faida iliyopungua. Juu ya thamani ya soko huongezwa asilimia 15 kwa usumbufu. Basi hesabu miti mmoja mmoja, aina na umri, kila mmoja na picha ambayo mtu amesimama kando yake ili kimo kionekane. Kibanda cha mama hakikuwa na vitabu vya hesabu, lakini wateja wake wengi hulipa kwa simu. Tulitoa taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, nikaichapa, kurasa 38. Mthamini aliigeuza kurasa kwa muda mrefu. Kama shamba limekatwa kikabaki kipande chembamba ng'ambo ambacho hakilimiki, kitaje kwa ukubwa wake na uombe nacho kilipiwe.

Mpangaji wa kibanda naye asikae kimya. Katiba, Kifungu cha 40, inaruhusu pia kulipwa kwa mtu anayekalia ardhi kwa nia njema bila hati. Andikisha biashara yake siku ya kuhesabu mali, na awepo mwenyewe.

Usijenge chochote kipya baada ya notisi ukitarajia kulipwa. Wathamini wana picha za satelaiti. Na usimpe mtu asilimia ya fidia yako kwa ahadi ya "kusukuma faili". Nimewaona wakija saiba na mikataba waliyowaandikia wajane, na siku hizo huwa nakataa kuchapa.

Kiasi kikitoka, kabla ya saini linganisha ukubwa ulioandikwa na ule uliopima kwa kamba. Usipokubali, kataa kwa maandishi na sababu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliunda jopo la kusikiliza migogoro ya utwaaji ardhi, na baada yake kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Marekebisho hayo hayo yanataka fidia ilipwe ndani ya mwaka mmoja tangu ardhi ichukuliwe. Mama alilipwa chini ya alichodai, zaidi ya alichoambiwa mwanzo. Alikubali. Jirani alikataa, na bado anapambana. Wote wawili naona walifanya sawa.

Mkikataliwa

NEMA hutangaza ripoti ya tathmini na kupokea maoni, na siku za mwisho huandikwa kwenye tangazo lenyewe. Leseni ikitolewa na hamridhiki, rufaa huenda kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Siku hizo hazina huruma, zihesabu kwa kalenda. Pia tazama ubao wa mradi uone nani anatoa pesa. Barabara ya Kenol–Sagana–Marua, kilomita 84, ilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki za namna hiyo zina dawati lao la malalamiko linalopokea barua kutoka kwa wanakijiji moja kwa moja.

Watu huniuliza kama kelele husaidia. Husaidia zikiwa na mahali. Mwaka 2020 ule mugumo mkubwa wa Westlands, hapa hapa kwenye Waiyaki Way, ulikuwa uondolewe kupisha Expressway, ile barabara ya kulipia. Watu walisimama chini yake, na Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akaagiza uachwe. Kila mtu aliyepita aliweza kuunyooshea kidole mti wenyewe. Njia yenu ya ng'ombe nayo inaweza kunyooshewa kidole, ikiwa mmeipa namba.

Kwetu tulipata kalvati ya boksi. Shule ikapata kivuko kilichoinuliwa na matuta, uzio hapana. Mfereji wa km 24+150 tulinyimwa.

Ujenzi ukianza

Kabla mashine hazijafika, piga picha kuta zote za nyumba, ndani na nje, na gazeti la siku hiyo likionekana. Shindilio likianza kutikisa ardhi na ufa ukatokea, bila picha ya kabla utaambiwa ufa ni wa zamani. Uliza afisa wa mkandarasi wa mambo ya jamii ni nani na daftari la malalamiko liko wapi. Andikeni humo vumbi, lori la maji lisilopita, barabara ya mchepuko iliyoziba geti, shimo la murram lililoachwa wazi likajaa maji. Kila siku tarehe yake.

Barabara ikikamilika mkandarasi hutoka na kipindi cha dhamana, kwa kawaida miezi 12, ambacho bado anawajibika kurekebisha kasoro. Mvua ya kwanza kubwa ndani ya kipindi hicho ndiyo shahidi wenu. Kwetu ilinyesha Aprili. Mama alisimama mpakani na mwavuli akarekodi video ya maji yakitoka kwenye mdomo wa kalvati na kubeba mistari miwili ya maharagwe. Niliiambatanisha na ile barua ya zamani, ukurasa wenye muhuri, mstari wa km 24+150. Mafundi walirudi Juni na mawe.

Uliza tarehe dhamana inapoisha, uiandike kwenye kalenda ya ukutani kwa mama, si kwenye simu yako, maana yeye ndiye atakayeyaona maji yakija.